Fyuzi Mfukoni mwa Shati

Nyinyi mnaofunga redio za magari hapa Bukoba siku hizi mmepata urahisi ambao sisi hatukuuota. Kioo cha redio mteja anakuja nacho mwenyewe, kiko mfukoni. Anabana simu yake kwenye dashibodi, redio inaitii, na gari la siku nyingi linaonekana limetoka dukani jana. Nawapongeza. Ila kuna jambo moja kuhusu hicho kioo ambalo hamjaulizwa bado, na nataka mlisikie kwangu kabla hamjaulizwa na mteja mwenye machozi.

Jina langu Deusdedit, mjini wananiita Fundi Deusi. Kazi nimeiacha kwa sababu ya macho. Waya nyekundu na waya ya kahawia zilianza kufanana, na fundi asiyezitofautisha hizo anachoma magari ya watu. Sasa niko Nshambya napalilia kahawa na migomba. Mke wangu anasema hata kahawa naipalilia kama mtu anayetafuta mahali shoti ilipo.

Niwaeleze kwanza hizi simu ziliingiaje kwenye dashibodi, maana wengi wenu mmezikuta. Magari yetu yanatoka Japani yakiwa yametumika, na redio zake zinakuja hivyo hivyo, Kijapani kitupu. Namba za stesheni zake zinaishia pale ambapo nyingi za kwetu zinaanzia. Ukichomoa betri siku moja tu kwa matengenezo, ukirudisha, redio inajifunga na kuomba kadi au namba ambayo mwenye nayo yuko huko huko Japani. Nilikuwa na mteja, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye kila akiwasha gari sauti ya mwanamke ilikuwa inamwambia neno kwa Kijapani. Hakujua anaambiwa nini. Akazoea, akawa anaitikia, "Ndiyo, mama," kisha anaondoka. Nilipomtolea ile mashine alinilalamikia kwamba gari limekuwa na upweke.

Hizo redio tulizichomoa nyingi. Mahali pake tukaweka redio ndogo isiyo na kioo, yenye kishikio mbele kinachobana simu. Simu ndiyo ikawa kioo. Nyimbo zinaonekana pale, ramani inaonekana pale, anayepiga jina lake linaonekana pale. Nilizifunga mjini, nikazifunga Muleba, hata kisiwani Goziba ziko. Msicheke. Goziba hakuna barabara wala gari, lakini mvuvi mmoja alinijia na betri ya gari, spika za gari na redio ya gari, akataka nimfungie zote kwenye ubao. Nikamuuliza gari liko wapi. Akasema, "Fundi, wewe funga, kutembea haitatembea." Nilimfungia, na nasikia ilidumu kuliko nyingi zilizokuwa zinatembea, kwa kuwa hakuna mashimo kisiwani kwake.

Basi sikilizeni haya ya mikono kwanza. Gari likivuma kwenye spika na mvumo ukapanda kila ukikanyaga mafuta, usikimbilie kuuza spika mpya. Chomoa chaji ya simu usikilize. Mvumo ukikata, ugonjwa ni chaji au ethi, ile waya inayoshikwa kwenye bodi. Tafuta bodi tupu, kwangua rangi, funga ethi ya redio hapo, na chaji ipate ethi hapo hapo. Fuso na malori usiyachomekee chaji uliyoitoa kwenye gari dogo, umeme wake ni mara mbili, na utamnunulia mtu simu nyingine. Kishikio usikigandishe kwa gundi mbele ya kioo cha mbele, maana jua la mchana likiingia simu inachemka na kujizima, halafu mteja anasema redio yako mbovu. Waya ya simu iachie ulegevu kidogo. Ukiikaza, barabara ya vumbi ya wiki moja inatosha kuing'oa.

Hayo yote mngeyajua bila mimi, mngeunguza vitu kidogo tu. Jambo ninalotaka kusema nililipata kwa Mzee Kaijage.

Mzee Kaijage ndiye aliyenifundisha kazi, wakati wa kaseti, kwenye karakana yake ndogo jirani na soko la Bukoba. Alikuwa mtu wa Muleba, mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kuweka kila kitu kidogo kwenye mfuko wa shati. Nati, fyuzi, kipande cha solda, pipi za watoto wake, vyote humo. Mkewe alikuwa akifua mashati yale anatoa vyuma kwanza kama mtu anayechambua mchele. Mteja akija, Mzee Kaijage haulizi anataka redio gani. Anauliza, "Humu wanakaa nani?"

Mimi niliona ni umbea. Mtu amekuja kufungiwa redio, wewe unamuuliza anampakia nani! Lakini yeye alisikiliza majibu na kufunga kufuatana nayo. Aliyempakia mama mzee alifungiwa spika za nyuma zisizopiga kelele masikioni. Aliyebeba abiria alifungiwa redio ambayo kitufe cha sauti hakifikiwi kutoka kiti cha pili. Alikuwa anasema redio haifungwi kwenye gari, inafungwa kwa watu walio ndani ya gari.

Siku moja dereva wa gari la kukodi alikuja asubuhi amevaa uso wa msiba. Ametumwa stendi akamchukue mtu aliyefiwa na mama yake, na mfiwa mwenyewe hajui. Nyinyi ni watoto wa hapa, nafikiri bado mnaona mambo haya kwenu. Aliyefiwa haambiwi barabarani. Anaambiwa mama hajisikii vizuri, njoo. Analetwa mpaka nyumbani, anaketishwa, na yule anayestahili kusema ndiye anayesema, mara nyingi shangazi, huku watu wameshakaa karibu wamshike. Sasa redio wakati huo ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, jina la marehemu na majina ya watoto wake wote. Yule dereva akasema, "Fundi, nitaizima tu." Mzee Kaijage akamwambia, "Abiria ana mkono, ataiwasha." Akainama chini ya usukani, akachomoa fyuzi ya redio, akaitia mfukoni mwa shati. Akasema, "Redio ikimwambia kabla ya shangazi yake, nani atamshika? Nenda. Ukirudi nitakurudishia."

Tangu siku hiyo madereva waliotumwa kuwachukua wafiwa walikuwa wanapita kwanza karakana. Wengine walisimama tu na kuangalia mfuko wa shati lake. Binti yake wa pekee, Adventina, alikuwa mdogo, anacheza na makasha ya kaseti mlangoni, na aliyaona hayo kama sisi.

Miaka ikaenda. Mzee akazeeka akarudi kwao Muleba, kaseti zikafa, mimi nikabaki na karakana. Simu zilipoingia kwenye dashibodi ndipo nikaelewa kwamba lile swali la nani anakaa humu sasa ni zito zaidi. Redio ya zamani ilileta watu wa mbali, wasiokujua. Simu inaleta watu wako.

Kuna mwalimu wa kwaya alitaka nimwekee redio ijipokelee simu yenyewe, asije akakamatwa na trafiki akiwa ameshika simu. Nikamuuliza humu wanakaa nani, akasema ni yeye peke yake. Nikamwekea. Jumamosi hiyo akawa anamrudisha mama yake mzazi Kaagya, baada ya mama kukaa kwake muda mrefu. Njiani mkewe akapiga, redio ikapokea, sauti ikatoka spika zote nne: "Vipi, mama yako umeshamshusha? Nataka nipumue kidogo." Yule mama akaisogelea simu pale mbele, akajibu kwa upole, "Bado, mwanangu. Pumua tu, sirudi leo." Mwalimu aliniletea gari Jumatatu asubuhi kabla sijafungua mlango. Hakutaka hata kukaa. Alisema tu, "Fundi, ondoa."

Tulicheka sana kwa hilo. La Muleba hatukucheka.

Ilikuwa miaka michache kabla sijaacha kazi. Mzee Kaijage alikuwa mgonjwa, na Adventina, ambaye ameolewa Mwanza, aliitwa aje kumwona. Akapanda meli jioni. Alfajiri, yeye akiwa bado majini, mzee akafariki. Kaka wa Adventina akampigia Projestus, dereva wa gari aina ya Noah ambaye redio yake nilimfungia mimi, ile ya simu mbele. Projestus akaja kwangu Nshambya, akanikuta nanawa uso.

"Mzee wa Muleba ametutoka," akasema. "Binti yake anashuka bandarini saa hizi. Wamesema asiambiwe mpaka afike kwa shangazi. Fundi, twende wote. Mimi peke yangu sitaweza."

Sikupata hata nafasi ya kukaa chini. Nilivaa shati, tukaondoka. Njiani kwenda bandarini nikawa naiangalia ile simu ya Projestus pale kwenye kishikio. Yuko kwenye kundi la madereva, na madereva wote wa Bukoba walimjua Mzee Kaijage. Meseji zilikuwa zinashuka juu ya kioo moja baada ya nyingine, herufi kubwa, mahali ambapo mgeni wa kiti cha mbele angezisoma bila kutaka. Nami siwezi kumwambia Adventina akae nyuma. Mtu aliyetoka safari, tena binti wa mwalimu wangu, anakaa mbele.

Nikamwambia Projestus aitoe simu, aizime, aiweke mfukoni. Halafu nikakumbuka redio bado inakamata stesheni za hapa, na stesheni za hapa zinasoma vifo. Nikainama nikachomoa fyuzi. Kwenye gari lile fyuzi ya redio ndiyo hiyo hiyo ya kuchajia simu. Nikaiweka mfukoni mwa shati, nikaona kazi imekwisha.

Adventina alishuka na begi moja na sweta jipya la kiume kwenye mfuko wa nailoni. Tukasalimiana kwa Kihaya.

"Kasinge waitu, kaka Deusi. Na wewe umekuja kunipokea?"

"Nina safari ya Muleba," nikamwambia. "Projestus kanipa lifti."

"Baba anaendeleaje?"

"Wanakusubiri nyumbani," nikajibu. Ndivyo tunavyojibu, si uongo.

Akakaa mbele, mimi nikakaa nyuma yake. Sweta akaliweka mapajani. Akasema baba yake alimwambia kwenye simu kwamba siku hizi baridi ya asubuhi inamwingia kwenye mabega. Projestus akawa anaendesha kama anabeba mayai. Tulipopita Kyetema, Adventina akatoa simu yake kwenye mkoba.

"Ilizima chaji melini. Projestus, nichomekee hapo."

Simu hiyo ikiwaka, pole za watu zingeingia humo. Hilo sikuwa nimelifikiria, ila Mungu alikuwa amenifikiria, maana fyuzi ni moja. Projestus akachomeka. Simu haikuwaka.

"Chaji imekufa, dada," akasema.

"Basi weka redio nisisinzie."

"Redio nayo imekufa."

Adventina akakiangalia kile kishikio kitupu. Akaliangalia tundu la chaji. Kisha akageuka taratibu, akaniangalia mimi kiti cha nyuma.

"Redio imekufa," akasema, "na fundi wake yuko hapo."

Projestus aliganda kwenye usukani. Katika mambo yote niliyoyafikiria asubuhi ile, sikufikiria kwamba huwezi kusema redio imeharibika ndani ya gari lenye fundi redio aliyekaa mikono mapajani. Fundi wa kweli angekuwa ameshainama chini ya usukani. Tena namwambia hivyo nani? Mtoto aliyekulia mlangoni mwa karakana.

Macho yake yakashuka mpaka kwenye mfuko wa shati langu. Yakakaa pale kidogo. Kisha akageuka mbele.

Tulipita hivyo Kemondo, tukapita Muhutwe. Pembeni watu walikuwa wanaanika kahawa, wengine wanapakia ndizi kwenye pikipiki, siku ya kawaida kwa kila mtu. Lile sweta alikuwa amelikunja dogo kabisa na kulikumbatia. Mimi nilikuwa nalia ndani kwa aibu na kwa huruma, na nilikuwa namwogopa. Niliogopa atauliza. Mtu akikuuliza wazi, utafanya nini? Ukikataa umemdanganya kuhusu baba yake, ukikubali umemnyang'anya shangazi neno lake, na mtoto wa watu ameangukia dashibodi.

Karibu na Muleba, kabla hatujakata kona ya kwenda kwao, akasema bila kugeuka, "Kaka Deusi."

"Naam."

"Iko mfuko wa shati?"

"Iko, dada."

"Basi ikae hapo hapo mpaka tufike. Sitaki shangazi anikute nimeshalia njiani. Hajapata kukosea kusema, aseme yeye."

Projestus akajifuta uso kwa mkono wa shati. Mimi nikaufunika mfuko kwa kiganja, sijui kwa nini, kama vile ile fyuzi ingeruka.

Tulipoingia, uani watu walikuwa wamejaa, turubai limefungwa, na hakuna aliyepiga kelele. Shangazi yake alitoka mlangoni peke yake, mwanamke mdogo wa mwili na mzito wa miaka. Adventina akashuka na lile sweta. Akasalimia kwa magoti, polepole, kama siku yoyote. Shangazi akamshika mkono, akamwingiza ndani. Kisha tukasikia kilio, na wanawake wote waliokuwa wanangoja wakamwitikia.

Alilia kama mtu aliyeambiwa saa ile. Na mimi naamini ndiyo saa aliyoambiwa. Kujua na kuambiwa ni vitu viwili, vijana wangu, na kati yake kuna watu wa kukushika.

Projestus alikwenda kusaidia kupanga viti. Mimi nilibaki nimesimama karibu na gari, sijui niende kwa wanaume au nikae. Baadaye sana Adventina akatoka mlangoni, khanga kiunoni, macho yamevimba, shangazi mmoja huku na jirani mmoja huku. Akanitafuta kwa macho.

"Kaka Deusi," akasema, "mrudishie Projestus fyuzi yake. Kuna wengine wa kuchukuliwa stendi."

Huyo ndiye binti wa Mzee Kaijage. Projestus akanipa simu yake nimrudishie mahali pake. Nikaingia kwenye gari, nikaichomeka fyuzi, nikaiwasha simu, nikaibana kwenye kishikio. Redio ikalia mlio wake mdogo kwamba imeiona.

Halafu meseji za asubuhi nzima zikaanza kushuka juu ya kioo. Poleni familia ya Mzee Kaijage. Mzee wetu wa redio. Alinifungia redio yangu ya kwanza, akanikataza nisimpakie mama yangu kiti cha nyuma, karibu na spika. Aliwahi kunichomolea fyuzi nikienda kumchukua mke wangu, siku alipofiwa na baba yake. Zikawa zinakuja na mimi nazisoma, herufi kubwa, mbele ya uso wangu. Mzee wetu. Fundi wetu. Mwalimu.

Tangu alfajiri nilikuwa nahangaika na habari ile isimfikie mtu mwingine. Nilikuwa nimeivaa pamoja na shati na kuondoka nayo. Hakuna aliyeniketisha. Pale kwenye kiti cha dereva ndipo nilipoambiwa, na aliyeniambia ni kioo nilichokifunga kwa mikono yangu. Nikaweka kichwa kwenye usukani nikalia mpaka honi nayo ikalia, na watu wakageuka.

Projestus alikuja mbio. Akafungua mlango wa pili, akaona kioo, akaelewa. Akaitoa simu kwenye kishikio, akaigeuza uso chini. Kisha akaingia, akafunga mlango, akanishika, na waliokuwa wanangoja stendi wakangoja kidogo.